Vidonda Vinne vya Mama

Mimi ndiye niliyemshawishi mama akubali upasuaji wa matundu. Vijiwe kwenye mfuko wa nyongo vilikuwa vimemtesa misimu miwili ya kahawa. Akila chochote chenye mafuta, anajikunja kitandani. Kisu alikiogopa. Nikamwambia hatapasuliwa tumbo zima, ni vitundu vinne tu, na wiki haitaisha kabla hajarudi nyumbani Mlowo. Nilijifanya daktari, mimi muuza vitenge wa Tunduma.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa, nesi alitueleza kwamba bega na tumbo vinaweza kuuma siku moja mbili, kwa sababu ya hewa waliyomjaza tumboni wakati wa upasuaji. Ila maumivu yakizidi, au homa ikija, au macho yakiwa ya njano, turudi hapohapo. Kichwani mwangu ilibaki ile hewa tu.

Kwetu mtu aliyepasuliwa lazima aangaliwe kidonda. Wanawake wa jumuiya walikuja na unga na kuku, mama akafunua kanga, wakaona plasta nne ndogo. Shangazi akacheka: "Huo ndo upasuaji wenyewe? Mbona mi jembe lilinikata zaidi ya hapo!" Tukacheka wote. Mama naye alicheka, ameshika tumbo. Kesho yake alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa. Aliona haya kulala kwa vidonda vya namna ile.

Siku ya tatu alisema tumbo linamuuma. Nikamwambia ni hewa. Siku ya nne akakataa uji. Nikamwambia ni hewa. Wateja wangu wa Zambia walikuwa wananipigia simu kila saa, uvumilivu ukaniishia.

"Mama, na wewe usijidekeze."

"Haya, mwanangu."

Hakulalamika tena. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba alinitii. Nikaona amepona, nikapanda gari nikarudi Tunduma.

Siku mbili baadaye shangazi akanipigia: mama anatetemeka kwa homa na macho yamekuwa ya njano. Nilirudi mbio Mlowo, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema nyongo inavujia tumboni. Huwatokea wachache, alisema, wengi hupona bila shida, na hata hao wachache hutibika wakiwahi. Kisha akauliza maumivu yalianza lini.

"Jana," nikasema.

Mama alikuwa macho. Alinisikia, akaniangalia, hakunisahihisha. Nikasubiri watoke wengine ndipo nikamfuata daktari nikamwambia ukweli, nikilia kama mjinga. Walimrudisha chumba cha upasuaji jioni ileile. Hakuamka.

Tulimwosha mimi na shangazi. Plasta zilikuwa zimetoka. Shangazi alipitisha kitambaa tumboni taratibu, safari hii hakucheka. Kando ya mshono mrefu wa mara ya pili, vidonda vyote vinne vilikuwa vimepona.