Kiwiko cha Laoban Wangu

Laoban wangu, yaani bosi kwa Kichina, mama mwenye duka la viatu pale soko la Liuhua, alianguka akishusha maboksi, mkono wa kulia ukafungwa plasta. Binti yake alikuwa anakaribia mtihani wa kuingia chuo kikuu, na mama alishaweka ahadi ya kwenda kumwombea kwenye hekalu lao la dini ya Kitao, lile la zamani lenye ngazi za mawe. Akaniomba nimsindikize.

Ningemkataliaje? Kila adhuhuri yeye husogeza maboksi stoo nipate pa kuswali. Mteja akija, humwambia, "Subiri, rafiki yangu anaongea na Mungu."

Tabu ilianzia uani mwa hekalu. Vijiti vya udi hushikwa kwa mikono miwili, vikainuliwa hadi usawa wa paji la uso. Mkono wake wa kulia haukuinuka. Akaninyooshea vijiti.

"Nishikie, dada. Wewe mzima."

"Hapo siwezi, dada. Mwanao nitamwombea kwenye swala yangu."

Kusema kweli, hakunilaumu. Ila macho yalimjaa machozi. "Kwa mkono mmoja ni kukosa adabu," akasema.

Mimi si msomi. Chuoni kwetu Unguja niliishia juzuu chache za msahafu. Nikafikiri palepale, watu wakitupita.

"Udi shika mwenyewe. Mimi nabeba kiwiko."

"Nikiinama?"

"Kitainama na wewe. Kichwa changu kitabaki juu."

"Nzito hii plasta, utajuta!"

"Nabeba magunia ya viatu vyako, nitashindwa kiwiko?"

Akainama mara tatu. Mimi nimekunja magoti kama mtu anayetafuta kigoda, shingo imenyooka, majivu ya udi yananidondokea kwenye baibui. Mzee wa hekalu, nywele kazifunga fundo utosini, akatukazia macho. Nikajua tunafukuzwa. Akaja, akausogeza pembeni mto wa kupigia magoti, nipate pa kukanyaga.

Waislamu wenzangu wa mtaa wa Sanyuanli nimewaeleza. Mmoja anasema nimevuka mpaka, mwingine anasema sikuvuka. Wote wananizidi elimu, na huenda wa kwanza ndiye aliyepatia.

Matokeo ya mtihani bado. Ninachokumbuka ni tulivyoshuka zile ngazi, yeye mbele, akiwatangazia waliokuwa wakipanda, watu asiowajua kabisa: "Mikono miwili! Nimeshika kwa mikono miwili!" Nami nyuma yake, bega linaniuma, nimejaa fahari ambayo hata sijui kama naruhusiwa kuwa nayo.