Zoni Nane za Ghala la Don Evelio

Nimia Ortigoza alikuwa na mkono safi, na hilo hata wasiompenda pale mjini Lambaré walilikubali. Waya wake ulipita ukutani umenyooka, huuoni mpaka uonyeshwe. Alifunga kengele za wezi kwa miaka kumi na sita, na bado wateja wakimkuta mwanamke juu ya ngazi walimuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu kwamba fundi kaenda kulala, huyu ni mzimu wake.

Kazi alifundishwa na Derlis Zárate. Derlis ndiye aliyemsimamia binti wa Nimia, Noelia, katika ubatizo, kwa hiyo wakawa wanaitana compadre na comadre. Kwa watu wa kwao jina hilo si la kunogeshea mazungumzo: humdanganyi compadre wako kisha ukakaa naye meza moja. Ndivyo alivyoamini Nimia, maskini.

Mwanzoni mwa Machi don Evelio Benegas, muuza pampu za maji na misumeno ya injini, alimaliza kujenga ghala nyuma ya duka lake. Paneli ya kengele ilikuwa imejaa. Zoni zake zote nane, yaani nafasi za kuunganishia vihisi, zililinda duka. Ikabidi iongezwe kadi ya pili yenye nafasi nane nyingine. Wakagawana kazi kama siku zote. Nimia alivuta nyaya na kufunga vihisi vinane ghalani, na ndani ya kila kihisi akaweka rezista, kijidude kidogo kama punje ya mchele. Rezista ikikaa huko mwisho wa waya, mwizi akiukata waya paneli inajua. Ikikaa kwenye paneli yenyewe, paneli haijui kitu. "Rezista inalala na mlinzi, hailali na bosi," Derlis alimwambia mwaka wake wa kwanza, naye hakusahau.

Derlis alibaki dukani kwenye sanduku la paneli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha ncha za nyaya kwenye kadi, kuipa kadi namba yake, na kuieleza paneli kila zoni ni ya nini. Ilikuwa Ijumaa, na timu yake ilikuwa inacheza saa kumi.

Mwisho likaja jaribio, na jaribio hufanywa na watu wawili. Mmoja anatembea mbele ya vihisi, mwingine anasimama kwenye kibodi ya ukutani na kutangaza kila zoni inayoamka. Anayetembea haioni kibodi. Anaona taa nyekundu ya kihisi tu, na taa hiyo huwaka maadamu kihisi kina umeme, hata kama paneli haipati habari yoyote. Anachotegemea ni sauti ya mwenzake. Nimia akatembea. Zoni ya tisa, Derlis akaita kutoka dukani kwamba imeingia. Ya kumi, imeingia. Hivyo hivyo mpaka ya kumi na sita. Wakakusanya vifaa, Derlis akauwahi mpira wake.

Wiki tatu baadaye wezi walitoboa paa la ghala Jumapili mchana kweupe, mtaa mzima ukiwa umelala baada ya chakula. Wakabeba misumeno kwa raha zao, kama watu wanaohama nyumba. Kengele haikulia hata mara moja.

Jumatatu asubuhi don Evelio akawaita wote wawili. Nimia alitangulia kufika, akafungua sanduku. Rezista nane nyingine zilikuwa zimebanwa palepale kwenye kadi, moja kila nafasi, na nyaya za ishara alizovuta yeye zimekunjwa vizuri nyuma, hazigusi kitu; za umeme tu ndizo zilizounganishwa. Mafundi hufanya hivyo kwa dakika mbili wanapotaka kuijaribu kadi: paneli inaziona rezista, inadhani kote ni salama, inatulia. Compadre alikuwa ameijaribu kadi, ikatulia, naye akaiacha hivyo akaenda zake. Kibodi haikuonyesha zoni hata moja siku ile. Zile "imeingia" nane zilitoka mdomoni mwake tu.

Uvivu Nimia angeusamehe. Angemsema hadi masikio yamuwashe, kisha wangeomba radhi pamoja na kuirudia kazi. Akamwonyesha don Evelio nyaya zilivyokunjwa, na Derlis alipoingia akamgeukia bila kupaza sauti.

"Compadre, hebu mwambie don Evelio nani alikuwa kwenye kibodi siku ile."

Derlis aliliangalia sanduku. Akavua kofia.

"Comadre ndiye aliyekuwa kwenye kibodi," alisema. "Mimi nilikuwa ghalani natembea. Nikamsikia anaita imeingia, nikamwamini. Unisamehe, comadre, lakini zigo lako siwezi kulibeba."

Alimruka kimanga, macho makavu. Nimia akamgeukia don Evelio. Don Evelio siku ile alikuwa amejilaza, hakuona nani alisimama wapi.

"Haya ya nyaya mimi siyajui," alisema mzee. "Derlis namjua tangu hatujaota ndevu. Wewe, mama, nilikujua kupitia kwake. Naomba funguo zangu."

Fundi wa kengele hana mtaji mwingine zaidi ya jina lake, maana anapewa funguo za watu. Kabla ya Pasaka wateja watatu walivunja miadi, na wa nne alimpokea mlangoni bila kufungua geti. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe. Huyu hakuishia hapo, alimsukuma shimoni.

Noelia hakuambiwa kitu. Jumapili ya Pasaka, nje ya kanisa, alimwona baba yake wa ubatizo, akamkimbilia, akakutanisha viganja kifuani kama watoto wa kwao wanavyofanya, akaomba baraka. Nimia alinyoosha mkono kumshika nguo, akachelewa. Akabaki kuutazama mdomo wa compadre, akingoja walau kigugumizi.

Derlis aliweka mkono juu ya kichwa cha msichana.

"Mungu akubariki, binti yangu," alisema, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Nimia akaanza kuzihesabu nyumba zote alizotembea kwa miaka kumi na sita huku sauti hiyo ikimwambia imeingia, na hakupata hata moja ambayo angeweza kuiapia kwamba inalindwa.