Nilivyomkalia Wamae Kiti cha Walevi

Wewe unayesoma hii, umewahi kuombewa pepo la pombe likutoke, na kitu kikali zaidi umewahi kunywa ni chai ya tangawizi?

Mimi nimeombewa. Kichwa kilisukumwa mpaka kitambaa kikaanguka kwa majivu.

Wacha nianzie mwanzo, msije mkasema cucu, huyu bibi mzee, amechanganyikiwa.

Niko na kijana anaitwa Wamae. Ni fundi wa kupiga mabati, na hapa Karatina hakuna paa ambalo hajapanda wala mtaro ambao hajalala.

Asubuhi moja akaniita kutoka kitandani.

"Maitu, mama yangu, kwani hakujakucha?"

Jua lilikuwa limempiga usoni, lakini pombe ya usiku ilikuwa imemzima macho.

Macho yalirudi ikifika chai ya saa nne. Yeye akatoka kwenda kusherehekea.

Nikaanza kutafuta. Nilikuwa nimesikia kuna watu hukutana wakisaidiana kuacha pombe. Nikamuuliza Ngendo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, huuza kabeji sokoni.

"Sisi kwa kanisa hatuna walevi," akanijibu.

Kweli kabisa. Wale hulala nyuma ya kwaya ni uchovu wa kuabudu.

Aliyenielekeza ni mwenye baa.

"Cucu, enda pale chekechea Alhamisi, watoto wakishatoka. Hao ndio wananimalizia wateja!"

Alikuwa karibu kulia, maskini.

Nikaenda. Nikakuta wanaume wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika masikioni, na ukutani kumechorwa bata na mwavuli. Kiongozi wao ni Kioko, polisi mstaafu kutoka Ukambani. Yeye mwenyewe husema zamani alishika pombe nyingi, nyingine kwa mkono, nyingine kwa mdomo.

Sasa, kikundi chetu cha akina mama kina sheria moja. Usipoweza kufika, unatuma mtu akukalie, na anatoa udhuru wako. Kiti hakikai wazi. Mimi nikajua kikundi ni kikundi.

"Shosho, umepotea?" Kioko akaniuliza.

"Sijapotea. Nimekuja kumkalia kijana yangu, Wamae. Ametuma udhuru."

"Udhuru gani?"

"Amelewa."

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kile kiti cha mtoto.

"Shosho, hapa mtu hakaliwi," Kioko akasema. "Hiyo ni kama kummezea mgonjwa dawa."

"Basi nitameza tu nikimngoja."

Wakanipa uji. Kila Alhamisi nikawa narudi, na nikifika nyumbani nampa Wamae ripoti akiwa amejifunika blanketi kichwani.

"Leo wamesema ukisikia kiu, pigia mwenzako simu kabla utoke."

"Maitu, wacha nilale."

"Sawa. Nitawaambia umepokea."

Halafu Ngendo akajua ninakotoka kila Alhamisi. Ndipo akaja kwangu na akina mama, Biblia na nyimbo. Hata maji sikuwa nimeteka.

"Pepo la pombe, toka!"

"Kama ni kutoka, mlango ndio huo," nikawaambia.

Wakasema ni pepo linajibu. Wakaongeza sauti.

Kufika jioni, soko lote lilijua cucu ni mlevi. Huko kunakouzwa makali, wenzake Wamae wakamshika hapo hapo.

"Kumbe wewe ni mwanafunzi tu! Mwalimu mkuu ni mama yako!"

Alhamisi iliyofuata, mlango wa chekechea ukapigwa teke. Wamae huyo, amesimama na gumboot za mjengo.

"Nani anasema maitu ni mlevi? Huyu hata siku ya ruracio yangu, mahari ikilipwa, hakuonja pombe ya muratina! Nani?"

Kioko hakuinuka.

"Hakuna mtu hapa amesema hivyo, ndugu. Lakini hiyo kiti amekalia ni ya mlevi. Ni ya nani?"

Mtu akameza uji, tukamsikia sisi wote.

"Ni yangu," Wamae akasema.

Nikasimama, nikapangusa kiti kwa leso. Akakaa, magoti masikioni kama wenzake. Mikono ilikuwa ikitetemeka, akaifinya katikati ya mapaja.

Wacha niwape somo hapa, maana nyinyi watu wa simu hamlali bila somo. Huwezi kumwachia mtu pombe yake; lazima aiache mwenyewe. Lakini unaweza kumwekea kiti kikiwa na joto. Na mwanamume atavumilia kuitwa mlevi maisha yake yote. Mama yake akiitwa hivyo hata mara moja, hatavumilia.

Ati nani alinichongea kwa Ngendo? Kutoka chekechea kuna njia ya mkato nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi. Mimi nilikuwa nazunguka mpaka mbele ya kabeji zake, polepole, nikisindikizwa na walevi wawili, na kumsalimia kwa sauti. Ngendo hahitaji kuambiwa jambo. Anahitaji tu kuonyeshwa.

Basi Kioko akanigeukia.

"Shosho, siku hizi zote umetuletea maneno ya Wamae. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Hilo neno nilikuwa nimelibeba tangu ile asubuhi ya macho. Nikamwangalia kijana yangu.

"Wamae, nataka wewe ndio unizike mimi, si mimi nikuzike. Ushike hiyo koleo ya kunifukia na mkono yako mwenyewe. Na isitetemeke."