Shokapu Mpya na Viatu vya Fundi Mlangoni Kwangu

Nilifumania nyumbani kwangu saa nne asubuhi, jua linawaka, mlango wazi. Ila msikimbilie kuhukumu. Nilichokifumania si hicho mnachokifikiria.

Na yote yaliletwa na shokapu.

Mimi ni seremala. Natengeneza milango na madirisha, kazi zikiisha nazipeleka kwa wateja kwa pikapu yangu, ambayo ni kuukuu kiasi kwamba hata rangi yake ya kwanza siikumbuki. Injini nzima, breki nzima. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: shokapu zote nne zilikuwa zimekufa.

Kama hujui shokapu inafanya nini, ngoja nikupe darasa la bure. Springi zinabeba gari, shokapu zinazituliza springi. Gari zima ukilibonyeza kona moja kwa mikono ukaachia, linanyanyuka mara moja linatulia. Langu nikilibonyeza lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mpaka nachoka kuliangalia.

Na kelele zake sasa! Nikikata kona ya mtaa wetu tu: nyi-ko, nyi-ko, gubu! Nyi-ko, nyi-ko, gubu! Barabara yenyewe mashimo matupu, kwa hiyo kutoka kwenye kona hadi mlangoni kwangu ni dakika mbili nzima za muziki huo. Mbwa wa jirani alishaacha hata kunibwekea.

Nilikuwa na fundi wangu wa miaka mingi. Watu tunamwita Taratibu, maana ndilo neno lake.

"Fundi, tubadilishe shokapu."

"Taratibu, bosi. Hizi bado zina maisha."

"Zinavuja mafuta!"

"Hilo ni jasho tu. Hata wewe ukifanya kazi unatoka jasho."

Mwezi mwingine ananiambia vipuri vya gari hili vimeadimika. Mwezi mwingine, msimu wa mvua si mzuri kufungua shokapu. Aisee, miaka mitatu! Na mimi zuzu nikawa namsifia kila mahali. Nawaambia watu, mkitaka fundi asiye na tamaa nendeni kwa Taratibu, yule bwana ukimpelekea kazi anakurudishia.

Basi, wiki moja kabla ya mkasa wenyewe, nilikuwa nimepakia milango sita. Kuna kona moja kali ina mtaro mkubwa pembeni. Nimeingia pale mwendo wa kawaida kabisa, gari likaanza kubembea. Likalala kulia, likalala kushoto, tairi za nyuma zikaanza kurukaruka na kuteleza. Nakamata usukani, usukani haunisikii.

Niliuona mtaro unakuja. Niliuona mpaka chupa iliyokuwa imelala ndani yake.

Sijui lilisimamaje. Mlango mmoja uliruka ukatua mtaroni, mimi nikabaki ndani ya gari nikisema tu "Mungu wangu, Mungu wangu."

Nyumbani sikumwambia mtu. Niliingia, nikaangalia kama kuna taa inawaka bure, nikaoga, nikalala.

Jumamosi yake asubuhi nikampita Taratibu huyoo, nikaenda gereji ya mama mmoja karibu na kituo cha mafuta. Yule mama alibonyeza kona ya gari mara moja tu, akakunja mikono.

"Kaka, wewe unaendesha gari au unabembea?"

Akapiga jeki, akaweka vigingi vya kulishikilia gari, akamwagia mafuta nati zilizoshika kutu, akaanza kazi. Shokapu ya mbele kushoto alipoitoa, akausukuma mti wake wa chuma ndani kwa kidole kimoja. Ukaingia, ukabaki humo humo.

"Hii ilishakufa zamani. Ulikuwa unazunguka na maiti."

Nikampenda kwa jinsi alivyofanya kazi. Alipofunga mpya zote nne, nati za chini hakuzikaza mpaka gari lote liko chini. "Ukizikaza likiwa linaning'inia," akaniambia, "ile mipira ya kwenye maungio inajikunja vibaya, inachanika mapema. Zinakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake." Mtu anayejua kazi utamjua tu.

Nikaondoka pale. Jamani! Shimo napita, kimya. Tuta napanda, kimya. Nikasema leo sirudi karakana, kwanza nikamwonyeshe mke wangu.

Nikakata kona ya mtaa wetu. Kimya. Mbwa wa jirani akanikimbilia akibweka kama ameona mwizi. Nikacheka peke yangu.

Kicheko kikaniishia mlangoni.

Palikuwa na viatu vya kiume. Vyeusi, vimekatwa visigino vikawa kama ndala, vimelowa grisi. Viatu vile navijua. Ni vya Taratibu.

Taratibu, nyumbani kwangu, saa nne asubuhi, saa ambayo kila mtu anajua niko karakana.

Ndani nikasikia sauti ya mwanamume, halafu kicheko cha mke wangu. Si kicheko cha kawaida. Kile cha mtu anayecheka mpaka anaomba apumzishwe. Miaka mingapi sijamsikia mke wangu anacheka vile? Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa, roho ikaniuma kuliko hata vile viatu.

Nikashika futi yangu ya chuma mfukoni, sijui nilitaka kumpima nani, nikanyata mpaka dirishani.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai kwenye kikombe changu. Mke wangu yuko sakafuni, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kucheka. Binti yetu mdogo, shule zimefungwa, yuko juu ya meza.

Na katikati ya sebule alikuwa mama yangu.

Sasa mama yangu huyu, naomba mnielewe, aliteleza bafuni miaka mitatu iliyopita akaumia goti. Tangu siku ile nilimpiga marufuku kila kitu. Asifagie, asipike, asitoke getini. Kila nikirudi namkuta kitandani, ameinua mguu juu ya mto, ananiitikia kwa sauti ya mgonjwa.

Mgonjwa wangu alikuwa amevaa kofia yangu, amechomeka penseli sikioni, anatembea mikono nyuma, kifua mbele, goti halina habari.

"Nani," akaunguruma, "nani amepunguza mafuta ya kula? Niliweka alama ya penseli hapa!"

Binti yangu akapiga makofi. "Bibi, fanya ile ya taa! Fanya ya taa!"

"Taa hii inawaka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mende?"

Ni mimi. Ni mimi mtupu, mpaka kile kikohozi changu.

Taratibu akaweka kikombe chini. "Chekeni tu. Nilichowafuata ndicho hicho: kuanzia leo hamtamsikia tena. Nimeambiwa yuko kwa yule mama wa kituo cha mafuta, anafungiwa mpya zote nne. Mimi nimejitahidi miaka mitatu. Jasho nimesema, vipuri nimesema, mvua nimesema. Nimeishiwa."

Mke wangu akaacha kucheka. "Sasa tutajuaje kama Mkaguzi amefika?"

Mkaguzi! Kumbe nyumbani kwangu nina jina.

"Bibi," binti yangu akasema kwa sauti ndogo, "geuka nyuma."

Mama akageuka. Tukatazamana dirishani, yeye na penseli yake, mimi na futi yangu.

Niliingia. Taratibu alishafika mlangoni, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa, safari hii kwenye stuli.

"Mama, hiki ni nini?"

Mama akavua kofia. Hakujitetea. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemwomba fundi asiliguse hilo gari. Mkeo usimlaumu. Nilimwambia, hicho kinacholia kiache kilie. Kikilia kwenye kona, mimi nakimbilia kitandani, mtoto anakamata daftari, mkeo anazima redio. Tunakaa unavyotaka. Ukiondoka, tunaishi."

Lile la mwisho linanichoma mpaka leo.

Nilitaka kugomba, na kugomba najua. Badala yake nikasikia mdomo wangu unawasimulia ule mtaro. Milango sita, tairi zinaruka, chupa niliyoiona. Niliwaambia mpaka nilivyomwita Mungu.

Sebule nzima ikawa baridi. Taratibu akainamisha kichwa. Mama akakaa chini, na safari hii goti lilimuuma kweli.

"Nilijua ni kelele tu," akasema. "Wallahi, mwanangu, nilijua ni kelele tu." Akaanza kulia.

Nikamgeukia fundi. "Mama hakujua. Wewe je? Wewe unajua kazi ya shokapu."

"Najua, bosi," akasema. "Kila mwaka nilisema mwaka huu nabadilisha. Halafu nakaribishwa chai, nawaona wanavyocheka... Nimekosa. Kabisa."

Mke wangu akanyanyuka pale ukutani. "Wiki nzima baba watoto? Umelala na mimi wiki nzima na jambo kama hilo, kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia nani?" nikamjibu. "Kila nikiingia nakuta nyumba nzima imenyamaza."

Mwenyewe nilipojisikia nikisema vile, nikaelewa. Nikakaa sakafuni karibu na mama, nikamfuta machozi kwa mkono wenye vumbi la mbao, nikamchafua uso. Binti yangu ndiye aliyecheka kwanza.

Tangu siku ile mama anafagia, anapika, anatoka getini akitaka. Taratibu sikumpeleka kokote, ila gari langu haligusi tena. Akija anakuja kunywa chai tu, kwenye stuli. Na mimi nilijiwekea sheria: nikifika kwenye kona napiga honi tatu, ili watu wangu wapate dakika zao mbili za kujiandaa. Nikaona ndio uungwana.

Wiki za kwanza nikipiga honi, redio inazimika. Naisikia kutoka barabarani, maana gari sasa halipigi kelele.

Ilikuwa inauma, lakini mbegu yake nilikuwa nimeipanda mwenyewe.

Somo langu kwenu wenye magari ni hili. Ukiona fundi anakataa kazi yako miaka mitatu, usikimbilie kumsifia kwamba hana tamaa. Kaulize kwanza nyumbani kwako wanamnywesha chai ya nini. Na ukisikia gari lako linapiga kelele, libadilishe shokapu, lakini jiandae, maana likinyamaza ndipo utasikia mengine.

Na jana jioni nilikata kona, nikapiga honi zangu tatu kama kawaida.

Redio haikuzimwa.

Nilipofika mlangoni mama alikuwa katikati ya sebule na penseli sikioni. Akanitazama, akaniangalia toka juu hadi chini, akakohoa kikohozi changu.

"Wewe," akaniambia, "honi tatu za nini? Betri hiyo unaimaliza kwa ajili ya nani?"