Malaria ya Kitabuni

Riwaya yenyewe ni ya watoto, ya Kifaransa, na iko moja tu kwa darasa zima. Sheria ya mwalimu: mtoto anabaki nayo nyumbani mradi kila Ijumaa alete neno jipya la humo na kulionyesha kwa mwili wake, bila kusema kitu. Akishindwa, kitabu kinakwenda kwa mwingine. Zamu ilikuwa ya binti yangu, na alikuwa hajajua bado kama mbuzi wa kitabuni, aliyepotea kwenye theluji, atapatikana.

Theluji, hapa Kisangani! Nani alituchagulia kitabu hiki, sijui.

Neno la wiki ile lilikuwa grelotter. Nikamwambia ni kutetemeka kwa baridi. Akauliza, baridi gani? Bon, nikatafuta kitu anachokijua.

"Ile siku ulikuwa na malaria, unakumbuka? Ni ile ile."

Alikumbuka vizuri sana. Tukafanya mazoezi uani, amejifunika kitenge changu, meno yanagongana. Ile ya kupindua macho niliongeza mimi.

Ijumaa nilikuwa nakaanga mikate ya kuuza, mtu wa pikipiki akasimama mbele ya nyumba. Mwalimu amemtuma: mtoto amepelekwa kituo cha afya. Nikatoa karai motoni, nikapanda vile vile na unga mikononi. Njia nzima nilimgombeza yule mtu, kwanza kwamba anachelewa, halafu kwamba atatuua.

Nikamkuta binti yangu kwenye benchi, pamba kwenye kidole, kitabu kwapani. Muuguzi akasema damu iko safi, hana malaria. Mwalimu, jasho likimtoka, akanieleza jinsi mtoto alivyoanza kutetemeka katikati ya hesabu mpaka akaanguka chini ya meza. Wakimuuliza anaumwa wapi, kimya. Wakamtoboa kidole, kimya.

Hesabu! Kumbe hakuweza kungoja saa ya kusoma. Alitaka amalize mapema, kitabu kisimponyoke.

Nikapandwa na hasira. "Madame, si ni wewe ulikataza watoto kusema? Mutoto iko anafanya devoir yako, kazi ulimupa wewe!"

Mwalimu alimwangalia mtoto, akaangalia kitabu, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa mwenyewe. Ndipo binti yangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Madame, kinabaki kwangu?"

Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. Kibaki, alisema. Mimi sikucheka. Unga wangu ulikuwa umeumuka na kumwagika, na pikipiki nililipa mimi.

Jioni nilifungua sura inayofuata kabla ya mtoto, nione tunakokwenda. Mbuzi bado hajapatikana. Msichana wa kitabuni amekosa chakula, na katikati ya ukurasa anazimia.

Nikachukua simu papo hapo, nikamwandikia mwalimu: "Madame, Ijumaa mutoto ataanguka. Mumuache chini."