Ufunguo wa Simu Anao Nani?

Nakumbuka alasiri moja kule Mishomoroni, mwanangu, nyumba imejaa wanawake na harufu ya udi, nami nimeketi mlangoni na kikapu cha ukili mapajani. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Ilikuwa siku ya hina ya Rukia, binti wa mama yangu mdogo, niliyelelewa naye nyumba moja na sahani moja. Kwetu, wanawake wakikutana kwa harusi huvua mabuibui, hufungua nywele, hucheza mpaka jasho likawatoka, na mwanamume hakanyagi hapo hata akiwa ni baba mtu. Zamani za mama zetu ilitosha kufunga mlango. Zilipokuja simu za kamera ikabidi awekwe mtu mkali wa kuzikusanya, nikachaguliwa mimi. Ukali ninao mpaka leo, muulize yeyote.

Sikumsaza mtu. Hata dada wa bwana harusi alipotaka kunipita na pochi yake nilimshika buibui.

"Da Zuhura, mimi si wa nyumbani?" akaniambia.

"Wa nyumbani ndiye nimwogopaye zaidi. Tia kikapuni."

Akacheka, akaitia. Siku ile tulicheka sana, na nikikumbuka kicheko kile hunichoma.

Simu nisiyoichukua ilikuwa ya bibi harusi mwenyewe. Nani amnyang'anye bibi harusi simu yake, chumbani kwake? Asubuhi ya pili, hina imekauka, imepanda mpaka mabegani, Rukia alijifunga leso, akaziachia nywele, akasimama mbele ya kioo akajipiga picha chache. Hakumtumia mtu. Aliniambia baadaye kwamba alitaka akizeeka ajitazame, aone kuwa naye alikuwa mzuri. Na alikuwa mzuri, wallahi.

Fungate haijaisha, picha zile zikaingia katika kundi la simu la vijana wa mtaa. Shemeji yake ndiye aliyeziona kwanza. Kufikia adhuhuri zilikuwa Kisauni nzima, na jioni zikavuka maji.

Lawama zilinijia mimi. Wanawake wale wale niliowapekua walikaa wakisema, "Mlango ulikuwa wa Zuhura." Nilikula kiapo, nililia, hakuna aliyenisikiza. Mpaka binamu yetu mmoja alipoishika simu ya Rukia, akaingia ndani ya mipangilio yake, akaona kwamba akaunti ya Rukia ilikuwa wazi kwenye simu mbili. Moja ni hiyo aliyoishika. Ya pili hatukuijua.

Bibi yake Rukia, Bi Mwanakombo, alikuwa kitandani, miguu imemvimba. Alituita sote chumbani, akaikamata ile simu, akaigeuzageuza.

"Rukia."

"Abee, bibi."

"Simu hini ufunguo wake yunao nani?"

Rukia akasema kwa sauti ya chini, "Aliyeniuzia, bibi. Alinifungulia kila kitu yeye, na neno la siri akaliweka yeye. Mimi hata silijui."

Na hapo, mwanangu, kila mwanamke aliyekuwa chumbani aliinamisha kichwa, maana sote tulikuwa hivyo hivyo. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Unakwenda sokoni Kongowea, unanunua simu, unamwambia muuzaji, "Nitilie kila kitu, mwanangu, nina haraka," naye anakufungulia akaunti kwa neno lake na kwa namba yake. Kwake ni wema, kwako ni wepesi. Tukirudi nyumbani tunapiga picha, na simu yenyewe inazipeleka mtandaoni kuzihifadhi bila kutuuliza.

Bi Mwanakombo akasema, "Mumeweka askari mlangoni, na ufunguo wa nyumba mumempa mtu wa sokoni. Zuhura musimlaumu. Mulaumiane wote." Sijapata kusikia karipio lililosemwa taratibu vile, na sijapata kuona watu wakiumia vile.

Tulimwendea yule muuzaji. Alikuwa kijana mpole. Alisema simu yake ya zamani, aliyokuwa akifungulia akaunti za wateja, aliiuza kwa mpita njia, na hakuifuta. Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Kama alisema kweli, basi aliyemvunjia Rukia sitara yake ni mtu asiyemjua hata jina. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nasi tulikuwa tumekitia pochini kwa mikono yetu.

Athman, mumewe, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Rukia kwamba anamwamini, ila alisema huku akitazama sakafu. Mama yake ndiye aliyeshikilia kuwa lisemwalo lipo, na kwamba mwanamke hajipigi picha ile bila kuwa na wa kumpelekea. Talaka ilikuja kwa mdomo wa mjomba wake Athman, Rukia ana mimba changa. Akafunga nguo zake akavuka kwenda Likoni kwa shangazi yake, na huko ndiko alikozaa binti, akamwita Nuru.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Rukia hakupigwa picha tena. Albamu ya harusi aliitia kwenye jiko la makaa, moja baada ya moja, nami nimeketi pembeni. Mtu akiinua simu hata kutazama saa, yeye alijifunika uso. Harusi hakwenda. Nuru alipohitimu madrasa, watoto wenzake walisimama na mama zao wakapigwa picha; Nuru alisimama peke yake, mamake yuko nyuma ya ukuta anachungulia. Nilimgombeza siku hiyo. Nilimwambia, "Utamkosesha mtoto." Akanijibu, "Dada, uso wangu nimeshaugawa mara moja. Uliobaki ni wangu."

Mwaka jana aliugua kifua. Hakukaa sana, Allah amrehemu. Kitambulisho chake kikarudishwa serikalini, kama inavyotakiwa mtu akifa, na hakuna aliyefikiria kukipiga picha kabla hakijakwenda.

Nuru sasa anaishi kwangu. Juzi nilitaka simu mpya nikaenda naye dukani. Muuzaji akanyoosha mkono, "Lete mama, nikufungulie." Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu, macho ninayo." Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma, nikifungua akaunti yangu mwenyewe herufi kwa herufi, watu wa nyuma yangu wananung'unika. Wanung'unike. Nuru alicheka akasema sijawahi kuonekana mzee kama siku hiyo.

Tulipofika nyumbani alikaa karibu yangu, akaishika ile simu, kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, picha zako za zamani zitahamia humu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi nitafutie ya mama."

Mwanangu, sina. Ninayo moja ya utotoni, Rukia hana meno ya mbele na amefumba macho. Za utu uzima wake zimebaki zile tu, zinazozunguka katika simu za watu tusiowajua, na mtoto haambiwi akamtafute mamake huko. Nilimwambia, "Alikuwa na paji kama lako." Akagusa paji lake, akainuka akaenda jikoni. Nililia.

Basi nisikize, na usinione mwenye maneno mengi. Simu, iwe mpya au ya mtumba, ifutwe yote mbele yako, na akaunti uifungue mwenyewe. Neno la siri liwe refu, maneno kadhaa unayoyajua wewe na Mola wako. Jina la mwanao watu wanalijua. Weka kufuli ya pili, ile inayotaka uthibitishe kila mtu anapojaribu kuingia kwingine, na ukiweza iwe ya programu iliyo ndani ya simu, si ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini za simu huibwa. Mara kwa mara tazama akaunti yako imefunguliwa kwenye vifaa gani, na usichokijua kitoe. Ukichagua simu, usichague kwa kamera tu. Uliza kama walioitengeneza bado wanaipelekea masasisho ya usalama, maana iliyoachwa na wenyewe haikulindi. Programu ya tochi ikitaka majina ya jamaa zako, iulize inataka kummulika nani, kisha ifute. Na hizi za bure zinazojidai kukuficha mtandaoni, huenda ndizo zinazokuuza. Ujumbe wa siri uandike penye programu inayoufunga toka kwako mpaka kwa unayemwandikia. Kwa picha za sitara, zima ule uhifadhi unaojiendesha, uzitie kwenye diski ndogo yenye neno la siri, uiweke kabatini. Na siku ya kuiuza simu, ondoa akaunti zako na uifute kabla haijatoka mkononi mwako.

Lakini sikwambii usipige picha. Hilo ndilo ninalotaka likukae kuliko yote. Sitara si kujificha maisha yako yote. Rukia aliibiwa picha chache, kisha woga ukamwibia zilizobaki, na mwizi huyu wa pili hatukumwona akiingia. Jilinde ili uweze kucheka mbele ya kamera ya mtu akupendaye bila moyo kukudunda.

Mungu akusitiri, mwanangu, nyumbani na njiani na huko mtandaoni tusikokuona. Akuepushe na jicho la hasidi na mkono wa mwizi. Akupe umri mrefu, na siku utakapoondoka, mtoto wako akiuliza sura yako, awepo wa kumwonyesha.