Vakansi ya Mama Kulthumu Ndani ya Boti

Ni lini mara ya mwisho ulisafiri bila kupeleka mzigo, mgonjwa wala rambirambi? Fikiri vizuri kabla hujajibu. Jirani yetu hapa mjini Baraka, mzee Haruna, ana boti ya mbao yenye injini, na amebeba mizigo ziwani kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipomuuliza mkewe swali hilohilo, Mama Kulthumu alicheka mpaka akaketi chini.

"Mi? Hata siku ya kuja kuolewa nilikaa juu ya magunia yako ya chumvi!"

Swali lenyewe lilitoka Ufaransa. Binti yao Sumaya, muuguzi kule, alikodi pamoja na rafiki zake boti yenye vitanda na jiko, wakaishi humo wiki nzima. Alituma video: mfereji uliotulia, miti pande zote mbili, kisha mto mpana, na milango mikubwa ya maji inayopandisha na kushusha boti kama mtu kwenye ngazi. Niliitwa mimi kusoma maelezo ya Kifaransa. Tuliitazama mara sita.

"Angalia, kinga inaipita!" mzee Haruna alishangaa. Kweli, mtu wa baiskeli alikuwa anaipita boti ukingoni. "Banaenda wapi na ile mwendo?"

"Hawaendi popote, Baba," nilimjibu. "Wanapumzika."

"Na muzigo?"

"Hakuna mzigo."

Mama Kulthumu alikuwa anamtazama mwanamke mmoja mwenye mvi, aliyekaa mbele kabisa ya boti, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi.

"Ule mama," alisema polepole, "hana kitu hata kimoja juu ya mapaja."

Mpango wa vakansi, yaani likizo, ukaanza siku hiyo. Niliuandika mimi, kwa moyo wote, maana nimechoka kusikia kwamba kupumzika ni mali ya wazungu na wakubwa. Siku tatu. Kwenda Lweba taratibu, karibu na ukingo. Kusimama kwenye mdomo wa mto. Kupika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakiwa wabichi humohumo botini. Kulala chini ya turubai. Mama Kulthumu aliongeza sharti moja tu.

"Hapana hata gunia moja. Nikiona gunia, nashuka."

Kosa tulilofanya wanalifanya watu wa Baraka tu. Alhamisi mchana tuliosha boti ufukweni, mbele ya macho ya wote. Hapa kwetu ukiosha boti na kufunga turubai, hakuna anayekuuliza kama unasafiri. Watu wanaleta mizigo. Na mwenye boti hakatai, maana kesho naye atawahitaji haohao. Kufikia alasiri kulikuwa na magunia ya muhogo, mabati, godoro, na mbuzi aliyefungwa kwenye kamba ya nanga.

"Haruna ndugu yangu, kagunia kamoja tu," alisema Useni, mchuuzi wa muhogo. "Kako kepesi."

Mzee Haruna alitazama mchanga. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee Useni, hii boti inaenda vakansi! Mtu aliyebeba miaka thelathini hana haki ya siku tatu?"

"We Zakaria, ulisoma Bukavu miaka tano juu ya kukuja kutukataza kutuma muhogo? Vakansi iko ya batoto ba masomo!"

Ufukwe mzima ukacheka. Nami nilicheka, huku nimekasirika. Mama Kulthumu akafika, akayatazama magunia moja baada ya jingine, akaondoka kwenda kwa Bushira, fundi wa kupaka hina. Nikajua safari imekufa.

Lakini kuna boti moja ambayo hapa kwetu haiwekewi mzigo: boti ya bibi harusi. Humo hata mfuko wa vitunguu haupandi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ufukweni nilipowasikia akina mama wakiimba nyimbo za harusi. Mbele yao alitembea Mama Kulthumu, hina mikononi na miguuni, kitenge kipya, uso umeinama kama msichana.

"Nani anaolewa?" Useni aliuliza.

"Ni mi. We mwenyewe njo ulipakia ile chumvi ya siku ya ndoa yangu, Useni. Mulinileta vibaya. Leo mutanipeleka muzuri."

Useni alicheka mpaka machozi. Akajitwika gunia lake yeye mwenyewe, wa kwanza. Wengine wakafuata, mabati yakaondoka, mbuzi akafunguliwa, vigelegele vikapanda. Mzee Haruna, jasho usoni, alimpa mkewe mkono. Mama Kulthumu akakaa mbele kabisa, akanyoosha miguu, akamiminiwa chai.

Boti ikaondoka taratibu, karibu na ukingo. Kwenye njia ya ufukweni mtu wa baiskeli aliifikia, akaipita, akapiga kengele. Mama Kulthumu akamwinulia kikombe.